Mama amekuja kututembelea mjini, na sasa usiku hajui alipo

SWALI

"Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 76. Anaishi peke yake kijijini, anajipikia, analima bustani yake, na ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama. Wiki mbili zilizopita nilimleta mjini kututembelea, safari ya siku nzima kwa basi. Siku tatu za kwanza alikuwa mzima, ila miguu yote miwili ilivimba. Tangu hapo usiku halali. Anaamka, anapanga nguo zake kwenye begi na kutaka apelekwe nyumbani kwa sababu mbuzi hawajafungiwa. Juzi aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mara mbili amejikojolea kwenye korido akitafuta choo. Asubuhi huwa afadhali, lakini mchana anasinzia kwenye kiti hata ukiwa unazungumza naye. Tumempunguzia maji ya kunywa ili asiamke usiku, na mume wangu alimnunulia vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, lakini naona vimemzidisha. Anatumia dawa za shinikizo la damu, mojawapo ni kidonge cha kukojosha. Mume wangu anasema huu ni ugonjwa wa kusahau wa wazee na hauna dawa. Kaka yangu anasema mji ndio uliomvuruga, nimrudishe mara moja. Shangazi anadhani anajifanya, kwa kuwa tangu mwanzo hakutaka kuja. Nifanye nini?"

JIBU

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nitaanza na jibu lenyewe ili usilitafute katikati ya maelezo: vidonge vya mafua viacheni leo hii, mrudishieni mama maji yake ya kunywa, na kesho isipite kabla hajaonwa na daktari ana kwa ana. Mengine yote, likiwemo suala la kumrudisha kijijini, yanaweza kungoja siku kadhaa. Hilo haliwezi kungoja.

Mumeo, kaka yako na shangazi yako wanabishana juu ya mambo matatu tofauti, na wote watatu wameliruka lililo karibu zaidi, yaani kwamba mama yako huenda ni mgonjwa wa kawaida kabisa, mgonjwa wa mwili, ambaye ugonjwa wake umejitokeza kichwani kwa sababu ya umri wake. Kijana akipungukiwa maji mwilini au akipata maambukizi, hupata homa, kiu na uchovu. Mtu wa miaka 76 anaweza kupata jambo lilelile bila homa wala malalamiko yoyote, na dalili ya kwanza watu wa nyumbani kuiona ikawa ni kuchanganyikiwa.

Linalonifanya nifikiri hivyo ni muda. Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari tunauita dimenshia, huja polepole, kwa miezi na miaka. Haumchukui mweka hazina wa kikundi, mtu anayekumbuka nani kalipa na nani bado, ukamfanya katika siku kumi na moja asimtambue binti yake. Kinachoingia kwa saa au siku chache, kinachopanda na kushuka ndani ya siku moja, kinachozidi giza likiingia na kumwacha mtu akisinzia mchana, kina jina lake: deliriamu, yaani mkanganyiko wa ghafla wa akili. Kinachoharibika kwanza ni uwezo wa kushika jambo na kulifuata, kuliko hata kumbukumbu. Mgonjwa anaanza sentensi na kuiacha njiani, anasikiliza swali na kupotea kabla halijaisha. Hali hiyo unaweza kuipima nyumbani: mwombe ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba, au kama miezi haijamkaa vizuri, siku za juma kuanzia Jumapili. Mzee aliyesahausahau tu kwa kawaida hufika mbali, japo kwa kusitasita. Mwenye deliriamu hutaja mbili tatu, akaanza kusonga mbele badala ya kurudi nyuma, au akaanza kukueleza habari za mbuzi.

Sasa tuangalie chanzo, maana deliriamu haiji bila sababu, na kwa wazee ni nadra sababu kuwa moja. Ubongo wa mtu mzima sana hufanya kazi zake zote vizuri lakini kwa akiba ndogo. Pigo moja utalistahimili, na la pili pia, ila mapigo matano yakija juma moja utashindwa. Nikiisoma barua yako naona mapigo si chini ya matano, na mengine mmeyaongeza ninyi wenyewe kwa nia njema.

La kwanza ni safari. Karibu kila mzee ninayemwona baada ya safari ndefu ya basi ananiambia alikataa kunywa maji tangu usiku wa kuamkia safari, ili asimsumbue dereva kwa kuomba kushuka. Mama yako huenda alifanya hivyo, naye anatumia kidonge kinachotoa maji mwilini. Uzeeni kiu hupungua, kwa hiyo hata alipofika hakuwa na kitu ndani yake cha kumkumbusha afidie. Halafu usiku wake ukaanza kuharibika, nanyi, mkiamini kwamba tatizo ni mkojo, mkampunguzia maji. Nawaelewa, na si ninyi wa kwanza, lakini hesabu ilienda kinyume: mkojo ukipungua na kukolea huchokoza kibofu, choo kikubwa hukauka na kukaa, na utumbo uliojaa hukibana kibofu hichohicho. Akaamka zaidi.

Hapa sitaki uikimbilie ndoo ya maji umlazimishe anywe lita nyingi kwa siku moja. Dawa za kukojosha, hasa za jamii ya thayazaidi, zinaweza pia kushusha sodiamu, yaani madini ya chumvi, katika damu, na mtu mwenye sodiamu ya chini huchanganyikiwa, husinzia na kuyumba vilevile kama aliyekaukiwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha hali hizi mbili. Damu ndiyo itakayosema. Mpe maji kidogokidogo mchana kutwa, kama alivyozoea kunywa kwake, na uache kipimo kiamue lililobaki. Dawa zenyewe za shinikizo la damu msizikatize kwa uamuzi wenu. Huenda daktari akasimamisha kile kidonge cha kukojosha kwa muda, lakini hilo ni lake kuamua baada ya kuona majibu. Wakati huohuo hakikisheni tu kwamba anakimeza asubuhi, si jioni.

Pigo linalonisumbua zaidi ni vile vidonge vya mafua. Vile vinavyoleta usingizi mara nyingi huwa na klorofeniramini, difenhidramini au ndugu zao wa kizazi cha kwanza cha dawa za mzio. Dawa hizi huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo chembe za ubongo huitumia kupelekeana habari katika kukumbuka na kuwa makini, na ambayo uzeeni tayari imepungua. Kijana akimeza kidonge kimoja atalala na kuamka na kinywa kikavu. Mzee anaweza kulala saa mbili, kisha akaamka katikati ya usiku akiwa hajui yuko wapi, kibofu kikiwa kimekataa kufunguka, moyo ukienda mbio, na kesho yake akasinzia kutwa nzima kwa kuwa mwili wake unachelewa kuitoa dawa. Chama cha Marekani cha madaktari wa wazee kimeziweka dawa hizi katika orodha ya zile za kuepukwa kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, orodha iliyoanzishwa na Dkt. Mark Beers mwaka 1991 na inayohuishwa kila baada ya miaka michache. Kwamba zinauzwa bila cheti cha daktari hakuzifanyi kuwa salama kwa mama. Msizibadilishe pia kwa vidonge vya usingizi vya mtu mwingine wa nyumbani, kwa mfano diazepamu, ambavyo humzidishia mzee kuchanganyikiwa na kumwangusha njiani kwenda chooni. Lakini kama mama mwenyewe alikuwa akitumia vidonge vya namna hiyo kijijini na akavisahau huko, mwambie daktari, kwa sababu kuviacha ghafla nako huleta hali hiihii.

Kaka yako anasema mji ndio uliomvuruga. Amekosea kuuona mji kama ugonjwa, ila kuna jambo ameligusa, nami ningependa mlielewe vizuri kwa sababu ndilo mnaloweza kulirekebisha wenyewe.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, yenye chembe ambazo kila moja huamka mtu anapokuwa mahali fulani mahsusi. Mwanasayansi John O'Keefe alizieleza mwaka 1971, na mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser wakaeleza chembe nyingine za jirani zinazopima nafasi kwa mpangilio wa pembe sita, kama sega la nyuki. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa mkusanyiko wa chembe hizo sote tunabeba ramani ya kila mahali tunapopajua. Ramani ya nyumba ya miaka mingi imekwisha kuwa mazoea, haidai umakini wowote. Mama yako kwake anaamka usiku bila taa, anageuka upande uleule, mkono unagusa ukuta uleule, mlango uko pale ulipokuwa jana na mwaka juzi. Ramani mpya ni kazi. Inataka hipokampasi iliyo macho, na inataka usingizi wa usiku ili ilichojifunza mchana kikae. Mama hana usingizi, na umakini wake umeibwa na mambo niliyoyataja. Kwa hiyo kila usiku anaamka katika nyumba anayoiona kwa mara ya kwanza, na miguu yake inafuata ramani ya zamani hadi inapogonga ukuta.

Ndiyo maana sikubali uandike kwamba "amejikojolea" kama vile ameshindwa kujizuia. Tangu alipohisi haja hadi alipokuwa katika korido alikuwa anajizuia vizuri tu. Muda wake uliishia katika kutafuta mlango. Tena usiku huo mkojo ni mwingi kweli. Figo za mzee hutoa sehemu kubwa zaidi ya mkojo usiku kuliko za kijana, na yale maji yaliyotuama miguuni mchana, anapokuwa ameketi kwenye kiti, hurudi katika damu mara anapojinyoosha kitandani, yakachujwa, yakawa mkojo wa saa saba za usiku. Dawa ya kuupunguza huanzia alasiri: alaze miguu juu ya stuli kwa saa moja au mbili, atembee kidogo, kisha aende chooni kabla ya kulala. Mnaruhusiwa kumpunguzia vinywaji saa mbili za mwisho kabla ya kulala, si mchana kutwa.

Na miguu yenyewe? Kuvimba yote miwili baada ya kukaa siku nzima kwenye basi ni jambo la kawaida, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama amlodipini, huuongeza uvimbe huo. Ila safari inayozidi saa 4 za kukaa huongeza pia uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya mguu. Itazame leo miguu yote miwili sambamba. Ukiona mmoja umevimba kuliko mwenzake, unauma kwenye shavu la mguu, au una joto, hapo hamsubiri kesho.

Suala la mwanga huwa linapuuzwa. Saa ya mwili iko katika kiini kidogo ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, nayo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, ni mkali mara nyingi kuliko ule wa sebuleni, ingawa macho yetu huficha tofauti hiyo. Kijijini mama yuko bustanini jua likichomoza. Kwenu, nakisia, yuko ndani ya nyumba yenye pazia, televisheni inawaka, ninyi mko kazini, na usiku taa za barabarani zinamulika dirisha lake. Kama ana mtoto wa jicho, mwanga unaofika ndani ni hafifu zaidi. Saa hiyo ikipoteza mahali pa kushika, usingizi hujigawa vipandevipande: kidogo kwenye kiti, kidogo kitandani.

Nirudi kwa shangazi. Hapana, hajifanyi. Mtu anayejifanya hachagui kujiaibisha mbele ya mkwewe. Wala habari ya mbuzi si upuuzi. Ni wajibu wake wa kila jioni kwa miaka mingi, na ubongo uliochanganyikiwa hushika kile kilichokita mizizi. Akisema mbuzi hawajafungiwa, usimwambie "mama, huku hakuna mbuzi, uko kwangu," kwa sababu kwake hilo ni sawa na kumwambia kwamba hamjali. Mwambie kwamba fulani wa kijijini amewafungia, na kama kweli yupo anayewafungia, mpigie simu saa kumi na mbili jioni, mama akiwa bado na utulivu, amsikie mwenyewe akisema wameingia wote. Akikuita kwa jina la dada yake, itika, kisha jitaje jina kwa upole na umshike mkono. Mabishano ya saa nane za usiku hayajawahi kumtuliza mgonjwa wangu yeyote.

Kuhusu mumeo, nitakuwa mkweli: haiwezekani kwa barua kukuhakikishia kwamba hakuna dimenshia chini ya haya. Deliriamu humshika kwa wepesi zaidi mtu ambaye ubongo wake tayari umeanza kuchakaa, na nyumba ya mazoea inaweza kuuficha uchakavu huo miaka mingi, kwa kuwa mambo yote yanafanyika kwa mkono uliozoea. Anayejua ni kaka yako na majirani wa mama. Usiwaulize kama mama "anasahau", watakuambia ni kawaida ya wazee. Uliza mambo yanayoonekana: je, katika mwaka huu hesabu za kikundi zimewahi kugombaniwa? Chungu kimeungua mara ngapi? Amewahi kupotea njia anayoipita siku zote? Vidonge vyake vya mwezi huisha kwa wakati, au hubaki? Amekuwa akiuliza swali lilelile ndani ya saa moja? Majibu yakiwa "hapana" yote, nitakuwa na moyo mzuri. Yakiwa "ndiyo" mawili matatu, basi mama anastahili kupimwa kumbukumbu rasmi, lakini si sasa. Kupima kumbukumbu ya mtu aliye katika deliriamu hutoa majibu mabaya yasiyo na maana, na jina la ugonjwa likishaandikwa kwenye faili ni gumu kufutika. Hilo la "hauna dawa" nalo si la kulipokea jinsi lilivyo: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, huzuni iliyokaa muda mrefu na hata uziwi vinaweza kufanana na ugonjwa wa kusahau, na vyote vina la kufanywa. Hata pale ambapo ni dimenshia ya Alzheimer yenyewe, ambayo kweli haiponi, kuna mengi ya kumrahisishia mgonjwa na wanaomtunza.

Kesho, mkienda hospitali, chukua dawa zote za mama ziweke katika mfuko mmoja: za shinikizo, za maumivu, za kienyeji kama zipo, na pakiti ya vile vya mafua hata kama imebaki tupu. Zimwage mezani mbele ya daktari. Karibu kila wiki mfuko wa namna hiyo hunijibu swali ambalo historia ndefu haikulijibu, kwa mfano kukuta dawa moja ikiwa katika pakiti mbili zenye majina tofauti na mgonjwa anameza zote. Sentensi ya kwanza utakayoisema iwe hii: "Si kawaida yake, ameanza ghafla, na hali inabadilikabadilika." Maneno hayo ndiyo yanayomwondoa mama katika foleni ya "uzee". Eleza alikuwa akifanya nini mwezi uliopita, na hesabu za kikundi uzitaje, kwa sababu daktari akimkuta amesinzia kwenye kiti hawezi kukisia kwamba anamtazama mweka hazina. Mgonjwa anayepiga kelele huhudumiwa. Aliyenyamaza na kusinzia hupitwa, ilhali deliriamu ya kimya ni hatari vilevile, pengine zaidi.

Tarajia waulize umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, na ile miezi ya kurudi nyuma; hicho ni kipimo kifupi kiitwacho 4AT. Wapime shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, joto, oksijeni, sukari, damu ikiwemo sodiamu na figo, na mkojo. Waangalie pia kama kibofu kimejaa, na aulizwe mara ya mwisho kupata choo ni lini. Kwenye mkojo nina angalizo. Wanawake wengi wa umri huo huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuwa wagonjwa, kwa hiyo karatasi ya kipimo ikibadilika rangi, mkapewa antibayotiki na kuambiwa mrudi nyumbani, uliza kwa adabu kama vipimo vya damu vimefanyika. Inawezekana ni maambukizi kweli. Inawezekana pia yakawa ni kisingizio cha kuacha kutafuta. Uliza nyumbani kama aligonga kichwa, kwenye basi au katika zile safari za korido, maana mzee anaweza kuvuja damu polepole chini ya fuvu na dalili zikaja siku au wiki baadaye. Akiambiwa apigwe picha ya kichwa kwa sababu hiyo, msikatae.

Yapo mambo ambayo yakitokea usiku huu hamngoji asubuhi: mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, au maneno kuvurugika ghafla; kusinzia kiasi cha kutoamshika vizuri; degedege; homa kali au baridi ya kutetemeka; kuhema kwa shida au maumivu ya kifua; kuanguka na kugonga kichwa; kutapika mfululizo; au kutopata mkojo kwa zaidi ya nusu siku huku tumbo la chini likiwa limejaa na linauma. Lolote kati ya hayo ni la kwenda idara ya dharura papo hapo.

Kwa hapa nyumbani, nakuomba ufanye jambo moja kabla ya jioni. Watu wote wakiwa wametulia, zima taa, lala kwenye kitanda cha mama, kisha amka uende chooni kama vile hujawahi kufika kwako. Utayaona mwenyewe: milango mitatu inayofanana, swichi iliyo nyuma ya kabati, zulia lililokunja pembe, kizingiti cha bafu. Ondoa zulia, washa taa ndogo ya usiku kutoka chumbani hadi chooni, mlango wa choo uuache wazi na taa yake ikiwaka, na milango mingine ifungwe. Ikiwezekana geuza kitanda ili ashukie upande aliozoea kwake. Miwani, na kifaa cha kusikia kama anacho, viwe mahali mkono unapofika. Mtu mmoja alale chumbani naye kwa siku hizi, bora uwe wewe. Usimfungie mlango kwa nje, kwani mtu aliyechanganyikiwa akikuta mlango umefungwa hatafuti ufunguo, anatafuta dirisha. Weka kengele ndogo kwenye kitasa ili uamke akitoka. Chumba alichonacho asihamishwe tena, hata wakija wageni wengine.

Mchana ndio mgumu zaidi kwenu mnaofanya kazi, lakini ndio unaoamua usiku utakuwaje. Asubuhi akae nje, au kwenye dirisha lililofunguliwa pazia, nusu saa au zaidi. Kisha apewe kazi. Naona wageni wazee wanavyokatazwa kushika hata kijiko, kwa heshima, hadi siku nzima inakosa umbo. Mtu ambaye kwake kila saa ina kazi yake anaketi kwenye kochi kuanzia asubuhi hadi taa ziwashwe, bila chochote cha kumwonyesha kwamba sasa ni saa nne na sasa ni alasiri. Achambue mboga, akunje nguo, amwagilie ua lililo kwenye kopo. Kama mchana anabaki peke yake katika hali aliyonayo, hilo haliwezekani kwa sasa. Omba likizo ya siku chache, au shangazi aje akae naye, jambo ambalo pia litamwonyesha mwenyewe kama mama anajifanya.

Je, arudishwe? Si wiki hii. Siku nzima kwenye basi, mwili ukiwa bado haujatibiwa, ni kuurudia mwanzo wa tatizo, na huko atafika akiwa peke yake usiku. Akishatibiwa na kulala vizuri siku kadhaa, kurudi ni jambo jema, kwa sababu nyumba anayoijua itamsaidia kumalizia kupona. Ila asisafiri peke yake, anywe maji njiani, mpange vituo vya kushuka, na awepo mtu wa kulala naye wiki za kwanza. Deliriamu mara nyingi huanza kupungua ndani ya siku chache baada ya chanzo kuondolewa, lakini kwa wazee wengine mabaki yake huchukua wiki au hata miezi, kwa hiyo usishtuke akiwa bado mzito kidogo anapoondoka. Kwa sababu hiyohiyo, mazungumzo ya kumhamishia mjini moja kwa moja, au ya kumvua uweka hazina, yasifanyike sasa na yasifanyike bila yeye.

Omba hospitali ikuandikie muhtasari: walichokuta, dawa walizobadilisha na walizosimamisha. Nakala moja mpe kaka yako aipeleke kwenye kituo anachotibiwa mama, ili mtu asije akamrudishia kidonge kilichoondolewa, na muombe tarehe ya kumpima kumbukumbu baada ya miezi mitatu hivi, hata kama atakuwa ameonekana kupona.